Mwezi wa Mama Pasi

"Mwezi wa saba ni baridi dunia nzima," alisema Mzee wa Lori, "na anayebisha akabishane na aliyeiumba."

"Baridi ya wapi?" Mama Mapacha hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Hapa wameandika nyuzi arobaini na sita. Arobaini na sita, Mzee. Hiyo si hali ya hewa, hiyo ni homa ya mji mzima."

"Simu yako juzi ilisema mvua. Ukatuanulisha nguo mbichi sisi wote. Iko wapi mvua?"

"Mvua inabadili mawazo. Jangwa halina mawazo ya kubadili."

"Mimi nimelala jangwani, mama. Mwezi wa saba. Nimevaa makoti mawili na meno yanagongana."

"Ulilala ndani ya gari la samaki, juu ya barafu. Hadithi yako mwenyewe hiyo, umeisahau?"

Mabishano haya yalianza asubuhi, chai haijapoa, na sasa ilikuwa inakaribia saa nane mchana. Nyumba yetu ina vyumba vinane, mlango kwa mlango, na baraza moja ndefu mbele. Siri hapa haikai. Ikipita kushoto naiona, ikipita kulia inanikuta, maana cherehani yangu iko katikati. Mzee wa Lori ni wa mlango wa kwanza. Aliendesha malori makubwa miaka ishirini na saba mpaka macho yakamkatalia, na tangu hapo hakuna barabara duniani ambayo hajawahi kulala kando yake. Mama Mapacha yuko mlango unaofuata wa kwangu. Watoto wake wawili wako bweni, mumewe kazi yake iko mbali, kwa hiyo simu ndiyo mtu wake.

Waliyekuwa wakimbishania hakuwa amesema neno. Mama Pasi wa mlango wa mwisho alikuwa amesimama kwenye meza yake ya mbao, mahali aliposimama miaka thelathini na moja, ananyoosha sare za walinzi. Pasi yake ni ya mkaa, nzito kama kosa la mtu mzima. Akiifungua kuongeza makaa, joto linatoka mpaka kwangu. Alikuwa akihamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda ule, kama kuku kwenye mvua, na kila akihama anatoa pumzi kidogo puani. Si kuugua. Ni uchovu wa mtu ambaye hata akilala anaota amesimama.

Sasa, habari yenyewe ni hii. Mtoto wake wa mwisho, tunayemwita Kitinda, yuko jangwani. Si jangwani kwenye mchanga na ngamia. Yuko kwenye mji mkubwa wa maghorofa ya vioo, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Kazi ni hiyohiyo, pasi. Mama yake alimfundisha kukunja kola kabla hajajua kuandika jina lake, akimwambia kalamu inaweza kukukataa lakini shati lililokunjamana halimkatai mtu. Hoteli yao ina utaratibu: mfanyakazi akimaliza miaka sita, analetewa mzazi mmoja, mara moja, siku ishirini na moja. Jina la mzazi na mwezi wa safari vinaandikwa kwenye orodha, na orodha ya mwaka huu ilikuwa inafungwa leo saa kumi. Mwezi ukishaandikwa haufutwi. Ukikosa, subiri miaka sita mingine.

Na Mama Pasi hana miaka sita mingine, hasa magotini. Mganga wa zahanati alishamwambia kwamba magoti yake yana safari moja ndefu iliyobaki, basi aichague vizuri.

Mara ya mwisho Kitinda kuja nyumbani ilikuwa kumzika baba yake. Alikaa siku tatu. Mnajua msiba ulivyo: nyumba imejaa, mama yuko chini kazungukwa na wanawake, mtoto yuko nje na wanaume, anaulizwa turubai na maji. Siku ya tatu akaondoka. Tangu hapo Mama Pasi akinitajia ile siku husema sentensi moja tu: "Nilimwona mgongo." Anamaanisha alimwona anapita, anabeba viti, anaenda, anarudi. Hawakukaa. Hata kikombe cha chai hawakunywa wawili.

Kwa hiyo ile safari haikuwa ya kutalii. Sisi ndio tuliigeuza utalii.

Mama Mapacha, kwa mfano, alikuwa na picha. Alishatuonyesha mji ule mwezi wa kwanza: watu wanakula nje barabarani, maua yamepandwa mpaka kwenye mizunguko ya magari, jioni watu wamejifunga mitandio mabegani. "Mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili," alisema, "ndiyo miezi ya kwenda. Wa tatu unavumilika. Wa nne kuna vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Kuanzia wa tano hakuna mwenye akili anayekwenda. Na Kitinda mwenyewe kasema mwezi wa kwanza. Mara ngapi? Kila akipiga."

Hilo ni kweli. Kila akipiga, Kitinda alisema mama aje mwezi wa kwanza. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na langu moyoni kuhusu hilo. Mtu akikuchagulia sana mwezi, huwa kuna kitu kwenye miezi mingine. Nilishamwambia mama muuza mkaa, kwa siri, kwamba huenda kijana ana mke huko. Kufika jioni mke alikuwa na watoto wawili na mama mkwe mkali. Mimi sikuwataja hao.

"Kijana anasema mwezi wa kwanza kwa sababu ya adabu," alisema Mzee wa Lori. "Anajua mama yake anaogopa baridi. Lakini mwezi wa saba, nawaambia, unavaa sweta lako, unatembea, jua limelegea. Mimi nazungumza kama dereva."

"Zungumza pia kama mtu aliyetupelekesha blanketi."

Hapo Mzee akajikuna shingo. Mwaka jana, kwa neno lake yeye, nyumba nzima tulimhurumia Kitinda na baridi ya mwezi wa saba. Mama Pasi akanunua blanketi la sufu, zito, la rangi ya damu ya mzee, mimi nikalipinda kingo kwa cherehani, tukampa mtu aliyekuwa anasafiri. Msafiri alilibeba mikononi uwanja wa ndege kwa sababu begi halikufungika. Kitinda alilipokea, akashukuru sana, akasema ni zuri. Hakusema zaidi. Mtoto aliyelelewa.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikasema, nikikata uzi. "Nyie wawili hamjafika huko. Muulizeni mwenye safari."

Wote wakageuka kumtazama. Mama Pasi alilowesha kidole, akaonja pasi chini, ikalia *tsss*, akairudisha kwenye kola.

"Nawasikiliza," alisema.

"Sasa unaonaje, mama?" akauliza Mama Mapacha, sauti imeshuka. "Mwezi wa kwanza, si ndiyo? Mimi sitaki uende ukaanguke kwenye lami ya watu. Nitamwambia nini Kitinda?"

"Naona shati hili halijanyunyizwa vizuri," akasema Mama Pasi, na akanyunyiza.

Simu ikaita. Ilikuwa simu ya Mama Pasi, lakini inakaa kwangu, juu ya meza ya cherehani, kwa sababu kwake kuna makaa. Nikaipokea, nikaweka sauti kubwa ili wote tusikie, nikaipeleka kwenye meza yake na kuiegemeza kwenye chupa ya maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Niko kwenye mapumziko, nina dakika kumi. Mama, msimamizi ananidai mwezi. Nimwandikie wa kwanza?"

"Mwandikie," akasema Mama Mapacha kwa mbali.

"Usimwandikie," akasema Mzee wa Lori.

"Mko wangapi hapo?" Kitinda alicheka kidogo. Kicheko chake kilikuwa kimechoka vilevile kama pumzi za mama yake. Nilishtuka kuona uchovu nao unarithiwa. "Shikamooni wote. Mama, wa kwanza ndio mzuri. Hewa safi, unaweza kutembea mchana kutwa. Watu wote wanakuja miezi hiyo."

Mama Pasi aliiweka pasi pembeni, juu ya kigae chake. Kwa kawaida haiweki chini mpaka shati liishe.

"Watu wote nani?"

"Wageni. Hoteli inajaa, mama. Vyumba mia tatu, hakuna hata kimoja kitupu."

"Vyumba mia tatu." Alifikiri. "Mashuka mangapi kwa siku?"

Mzee wa Lori alinitazama akiuliza kwa macho mashuka yameingiaje hapa.

"Kama elfu moja na mia mbili," Kitinda akasema. "Bila taulo."

"Bila foronya?"

"Bila foronya."

"Mko wangapi kwenye pasi?"

"Tisa. Kuna mashine, mama, si kama hapo. Shuka linapita kwenye roli, mmoja huku, mmoja kule."

"Mashine hailishwi shuka na shetani. Unaingia saa ngapi?"

"Kumi na moja alfajiri."

"Unatoka?"

"Inategemea."

"Inategemea ni saa ngapi, baba?"

Tulisikia mlio wa mitambo nyuma yake, kama mvua juu ya bati.

"Saa tatu usiku," alisema. "Wakati mwingine nne."

"Siku ya mapumziko?"

"Miezi hiyo hakuna. Lakini nimeshapanga, mama. Kuna dada mmoja wa mapokezi, mtu mzuri sana, atakutembeza. Atakupeleka kwenye bustani, kwenye maduka makubwa yenye maji yanayoruka. Na nimekutafutia mahali pa kulala, kwa sababu chumbani kwetu tuko wanne. Si mbali. Basi moja tu."

Mama Pasi alichukua kitambaa, akajifuta shingo polepole, mbele na nyuma. Mimi nimekaa naye baraza moja miaka mingi na najua akifanya hivyo anahesabu. Kazi ya pasi haina siri kwake. Mtajie nguo, atakutajia saa. Mtajie saa, atakutajia magoti.

"Kwa hiyo mwezi wa kwanza," alisema, "nitakuona ukiwa umelala."

Mama Mapacha alikuwa ameshika simu yake kifuani, kioo ndani.

"Nilitaka uuone mji ukiwa mzuri, mama. Miaka sita nakuambia ni mzuri."

"Mji nimeshauona. Mama Mapacha kanionyesha mpaka maua yake. Niambie mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba hapana."

"Niambie tu. Sijasema nakuja."

"Mwezi wa saba hata paka hawatoki nje. Ukishika mlango wa gari unaacha ngozi. Bomba la maji baridi linatoa maji ya moto; tunakinga asubuhi ili tuoge jioni. Mtu akitoka mchana miwani inaingia ukungu haoni mbele. Mama, huo si mwezi wa mtu."

Mzee wa Lori alikuwa anasogea kidogo kidogo kurudi mlangoni kwake.

"Na hoteli?"

"Hoteli inabaki tupu. Wanafunga ghorofa nne. Wageni wa kuhesabu."

"Mashuka?"

"Mia mbili. Siku nyingine hayafiki."

"Na nyinyi mnafanya nini?"

"Tunakaa," Kitinda akasema. "Saa sita tumemaliza. Wenzangu wengi wanapewa likizo, chumba nabaki nacho peke yangu. Ndani kuna mashine ya baridi. Tunakaa tu, mama, tunasubiri jua lishuke."

"Mnakaa tu."

"Tunakaa tu."

Mama Pasi alivuta kile kigoda anachoweka kapu la nguo, akaondoa kapu, akakaa. Thelathini na moja, nimeihesabu hiyo miaka, na sikumbuki kumwona amekaa wakati pasi ina moto.

"Basi niandikie wa saba."

"Mama, hujanielewa joto la huku."

"Baba, unaongea na nani kuhusu joto? Mimi nimekulea kwa hili hili. Asubuhi makaa, mchana makaa, mwezi wa baridi watu wanakuja kuota moto kwangu kama jikoni. Hakuna joto litakaloniambia jambo jipya. Nitatoka nje niende wapi? Nikanunue maji yanayoruka?"

"Utachoka kukaa ndani siku ishirini na moja."

"Nichoke kukaa." Alilirudia lile neno taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Hebu niacheni nami nichoke kukaa, nijue kunavyokuwa. Wewe utarudi saa sita, utanikuta. Utasema habari za kazi, nitasema nzuri. Utalala mchana, nitakutazama. Ukiamka tutakunywa chai. Mimi sitaki kutembezwa, mwanangu. Nimechoka. Nataka kukaa na wewe mahali pamoja, tuchoke wawili."

Upande wa pili mitambo iliendelea kunguruma. Halafu Kitinda akavuta pumzi puani, fupi, ile ile ya mama yake.

"Alfajiri," alisema, "kabla jua halijatoka, kunatembeka. Nitakupeleka mpaka mwisho wa barabara yetu. Pale lami inaisha, mchanga unaanza. Hakuna kitu pale, lakini ni pazuri. Halafu tutarudi."

"Ndiyo. Halafu tutarudi."

"Na usilete sweta. Wala blanketi."

"Lile uliliweka wapi?"

"Nimelitandika kwenye meza ya pasi ya mkono, chini ya kitambaa. Kwa mashati ya wakubwa. Wenzangu wanatumia sponji za kiwandani, mimi nina blanketi. Hakuna meza nzuri kama yangu humu ndani. Msimamizi mwenyewe huja kunyooshea lake hapo."

Mama Pasi aliinua kona ya kitambaa cha meza yake mwenyewe na kuligusa blanketi kuukuu lililo chini, lenye alama za kuungua kama ramani. Kisha akalifunika.

"Nenda kazini. Andika wa saba kabla hajafunga."

"Naandika sasa hivi, mama."

Simu ikakatika. Nikaichukua, ilikuwa na joto la makaa upande mmoja. Na wallahi nilijiona mdogo, maana nilikuwa na mke, watoto wawili na mama mkwe mkali wa kwenda kuwafuta kwa muuza mkaa kabla hawajaongezeka.

Mzee wa Lori ndiye wa kwanza kuongea.

"Si nilisema wa saba," alisema.

"Ulisema baridi," nikamjibu.

"Nilisema wa saba. Sababu ni mambo ya pembeni."

Nilitegemea Mama Mapacha amrukie. Alikuwa na haki: kila kitu alichokisoma kilikuwa kweli, nyuzi na vumbi na maua, na bado ameshindwa na mtu aliyeganda kwenye samaki. Lakini aliinuka tu, akaingia ndani, pazia likaanguka nyuma yake. Tukasikia sufuria inawekwa chini kwa nguvu, kisha kijiko.

"Amekasirika," akanong'ona Mzee.

"Mwache," akasema Mama Pasi. "Alikuwa ananiogopea. Kaniogopea tangu asubuhi, hajala."

Akaegemeza kichwa ukutani, macho amefumba, miguu ameinyoosha mbele yake. Vifundo vilikuwa vimevimba vinang'aa. Pasi ilikuwa mezani inafuka moshi mwembamba, na sare nane za walinzi zilikuwa bado kwenye kapu, walinzi wenyewe wanaingia zamu saa kumi na mbili. Nilimwona anafungua jicho moja, analitazama kapu, analifumba. Akaanza kujisukuma kwenye kigoda kwa mikono miwili. Akafika katikati. Akarudi chini.

"Dakika moja," alisema, hakumwambia yeyote.

Mzee wa Lori, ambaye hajawahi kunyoosha hata leso, alikwenda kwenye meza, akaiinua pasi, akashangazwa na uzito wake, akaishika kama usukani.

"Naanzia wapi?"

"Unaanzia kwa kuirudisha chini," akasema Mama Pasi, macho bado amefumba. "Hao ni walinzi, si samaki."

Hapo pazia likafunguliwa. Mama Mapacha alisimama mlangoni, kitambaa cha jikoni begani, uso umenuna lakini umeoshwa. Hakututazama sisi. Alimtazama Mama Pasi, kisha miguu yake, muda mrefu.

"Mwezi wa saba," alisema, "utakunywa maji lita tatu kwa siku, ukitaka usitake. Nitakuwa napiga simu kuhakikisha."

"Nitakunywa, mwanangu."

"Na utavaa nyeupe."

"Nitavaa."

"Haya, acha hayo makaa yazime yenyewe. Fundi atamalizia hizo sare, ana pasi ya umeme na hana la kufanya ila kusikiliza." Akaja mpaka kwenye kigoda, akampa mkono. "Ingia ndani ukae, mama. Chakula kipo tayari, nimekupakulia. Na huyo mzee naye aje ale, lakini mdomo wake ubaki kwenye chakula."